Picha ya Kifua Isiyokuwa Yake

Siku niliyoanza kazi Nizwa nilikabidhiwa ufunguo wa chumba cha giza na aproni iliyoshonewa madini ya risasi ndani ya kuzuia miale, nzito kama mtoto wa miaka mitatu. Aliyenikabidhi alikuwa Mkuu wa Eksirei, Mhindi wa makamo, mpole wa sauti, mwenye tabia ya kufuta miwani yake kila alipotaka kusema jambo zito. Siku hiyo aliifuta mara moja tu.

"Binti," akaniambia kwa Kiingereza, "hapa wewe ni jicho. Ulimi ni wa daktari. Mgonjwa akikuuliza umeona nini, mwambie hujui kusoma picha."

Nikamwambia kweli sijui. Akasema, "Utajua. Baada ya miaka miwili utajua kuliko baadhi ya madaktari. Na bado utasema hujui."

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, na mwaka haujatimia tangu tufike Oman. Tulitoka Unguja kupitia Dar es Salaam, na Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni, cha kusomea Kurani, si cha kuongea na watu. Wanawake wa Nizwa wakinisemesha nami nikiitikia kwa kichwa. Lakini nilikuwa na cheti cha kusafisha filamu nilichokipata Unguja, na serikali ilikuwa ikitafuta wanawake kama mimi kwa tochi, kwa sababu waume wengi hawakuridhia wake zao wavue nguo ya juu mbele ya mwanamume, hata akiwa amevaa koti jeupe.

Vijana wa leo wanabonyeza kitufe na picha inatokea kwenye kioo. Sisi tulikuwa tunaipika. Filamu inatiwa ndani ya kaseti, sanduku bapa la chuma lisilopitisha mwanga. Mgonjwa analikumbatia kwa kifua chake, unamwambia avute pumzi, azuie, unapiga. Kisha unakimbilia chumba cha giza, unawasha taa nyekundu, unaitoa filamu na kuitumbukiza katika tangi la dawa ya kutoa sura, halafu maji, halafu dawa ya kugandisha, halafu maji tena, halafu unaianika kama nguo. Dawa zile zilitutia umanjano kwenye kucha, na harufu yake haikutoka kwa udi wala kwa mawaridi. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema ananijua nimeingia mlangoni kabla sijatoa salamu.

Nizwa nilikaa miaka minne. Nakumbuka bibi mmoja aliyeteremshwa kutoka mlimani kwa punda mpaka barabarani, akaniuliza kama mashine inaona na yaliyomo moyoni. Nikamwambia inaona moyo, haioni yaliyomo. Akashukuru Mungu. Baada ya hapo nilipelekwa Samail kwa miezi michache kushika nafasi ya mtu, na kutoka Samail nikaazimwa Sharqiyah, jimbo la mashariki. Ilikuwako kampuni ya kujenga barabara iliyopiga kambi nje ya Ibra, na kambi ilikuwa na zahanati yake. Mashine ya eksirei walikuwa nayo, mtu wa kuiendesha hawana. Babu yangu mzaa baba alitoka Ibra kwenda Unguja, na shangazi yangu alikuwa amesharejea pale, kwa hivyo nilikwenda kwa moyo mkunjufu. Mume wangu akapata kazi ya ukarani katika kampuni hiyo hiyo.

Bosi wangu pale alikuwa Daktari wa Kambi, mzee wa Kizungu aliyekuwa amechoka na jua na watu. Hakuwa mtu mbaya. Aliandika ripoti zake kwa mistari miwili na hakupenda kuulizwa. Shida yetu kubwa ilikuwa vumbi. Likiingia kwenye kaseti linaacha vidoa vyeupe kwenye picha, na daktari anadhani ni ugonjwa. Joto nalo likiharibu filamu kabla hazijatumika, tukizitoa dawani nyeusi tupu, mkaa. Hizo tuliziweka kando katika magunia.

Filamu hizo nyeusi ndizo zilizonikutanisha na Bi Sadae.

Alikuwa Mjapani, mke wa Mhandisi wa Madaraja. Nilimkadiria umri wa miaka hamsini hivi. Mfupi, nywele amezikata kama mvulana, suruali ya kitambaa kigumu miaka yote. Alikuja kwa sababu ameteguka kifundo cha mkono. Nilipomaliza kumpiga, hakuuliza khabari ya mkono wake. Aliuliza zile nyeusi gunia zima zinakwenda wapi. Nikamwambia zinatupwa. Akachukua moja, akaikwaruza kwa pini ya nywele, akaiinua dirishani. Mwanga ukapita katika mkwaruzo, na mstari wa jua ukaonekana ukutani. Akasimama akiutazama mpaka daktari akaja kuuliza kwa nini mgonjwa hatoki.

Niliomba rukhsa kwa daktari nimpe. Akasema nimpe zote, aondoke nazo.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Kiingereza changu cha skuli na chake cha vitabuni vilitosha kujuana. Kisha akataka kujifunza Kiswahili, kwa sababu alisikia wanawake wa zahanati, watu wa Unguja na wengine waliozaliwa Bujumbura na Kongo, tukizungumza kwa lugha hiyo tukicheka. Alisema Kiarabu anasikia watu wakiamrishana, Kiswahili anasikia watu wakikaa.

Maisha yake alinisimulia kidogo kidogo, na mimi nayaeleza hapa kwa sababu sijui kama yupo mwengine atakayeyaeleza. Alizaliwa kijiji cha kaskazini kwenye theluji. Baba yake alikuwa mwalimu wa kuandika hati kwa brashi, mtu mkali, aliyemfunga mkono wa kushoto ili atumie wa kulia. Vita vilipokwisha alikimbilia mji mkuu bila ya radhi ya baba, akaingia katika kundi la vijana waliosema kwamba picha ya kutundikwa ukutani imekufa pamoja na waliokufa vitani. Walikuwa wanaume kumi na mmoja na yeye.

Kazi yake ya kwanza, alichora picha thelathini, akazifukia katika kiwanja kitupu, akatangaza watu waje wachimbe kwa mikono. Mwenye kupata ni yake. Walikuja watu tisa na mvua ikanyesha. Mara nyengine alijifungia ndani ya dirisha la duka kwa siku sita, akawa anaandika juu ya kioo, kwa rangi nyeupe, kila anachokiona nje, mpaka kioo kikajaa maandishi na yeye asione tena kitu. Watu wakaziba njia, polisi wakaja kumtoa. Magazeti yalimcheka. Aliandika kitabu cha hadithi, kikachapishwa, kikasifiwa na wachache. Cha pili, wachapaji walimrejeshea wakisema haieleweki nani anasema na nani. Cha tatu hakukipeleka popote.

Wenzake walizeeka vizuri. Baadhi yao wakawa maprofesa, kazi zao zikawekwa katika majumba ya makumbusho. Kilipotoka kitabu kikubwa cha historia ya kundi lao, yeye alionekana katika picha moja tu, na chini yake ameandikwa kuwa ni msichana aliyeleta chai. Aliniambia hili bila ya hasira. Baada ya kitabu hicho aliolewa na Mhandisi, mtu mwema aliyemtaka apumzike, na kwa miaka minane hakushika brashi wala kalamu. Ibra alikuja kama mke wa mtu.

Shangazi yangu alikuwa na nyumba ya udongo katika mtaa wa kale wa Ibra, ghorofa moja, madirisha marefu. Alikuwa amekwisha hamia nyumba ya saruji yenye kiyoyozi. Nilipomwombea Bi Sadae chumba cha juu, alisema, "Mpe. Nyumba isiyokaa mtu huwa ya popo." Bi Sadae akaanza kwenda pale kila asubuhi. Alichukua sindano ya kushonea magunia, akawa anaandika juu ya zile filamu nyeusi, herufi za kwao, ndogo ndogo, kutoka juu kwenda chini. Kila filamu ukurasa mmoja. Alizitundika madirishani, na jua lilipopanda, ukurasa mzima uliandikika ukutani kwa mwanga, ukawa unateremka polepole mpaka sakafuni kadiri jua linavyokwenda.

Kilikuwa kitabu cha maisha yake. Ijumaa nilikuwa nakwenda kumtazama, na yeye akinisomea, nusu kwa Kiingereza nusu kwa Kiswahili chake kilichovunjika. Sikuwa nimepata kuona kitu kama kile na sijaona tena. Nilikuwa nakaa juu ya mkeka, na maneno yanapita juu ya miguu yangu. Alifika kurasa mia na zaidi kwa mwaka mmoja na nusu. Aliniambia amebakiza kiasi cha kurasa ishirini, ila zile za mwisho ndizo ngumu, kwa sababu lazima aseme kweli juu ya mama yake.

Kisha akaanza kukohoa.

Daktari alidhani ni vumbi. Mimi ndiye niliyempiga picha. Niliitoa dawani mwenyewe, nikaiinua kwenye taa nyekundu, maji yanachuruzika mkononi, na sikuhitaji kungoja ikauke. Juu ya pafu la kulia palikuwa na kivuli cha ukubwa wa kokwa ya tende, kingo zake zimechanika kama nyota. Chini yake vidogo viwili. Miaka niliyokwisha kufanya kazi, nilikuwa nimeviona vile mara nne, na wote wanne nilikuwa nimesikia khabari zao.

Daktari alimwita Mhandisi, na mimi nikaitwa kwa kuwa ni rafiki wa mgonjwa. Alimweleza kwa maneno machache kuwa ni saratani. Alimwambia kwamba hata huko Ulaya hapana la kufanya, labda miezi sita, labda minane. Mhandisi akasema kwamba kwao mgonjwa wa maradhi haya haambiwi. Akiambiwa moyo wake unakufa kwanza, mwili unafuata. Akaomba aambiwe ni uvimbe wa vumbi, apewe dawa ya kikohozi. Daktari akakubali upesi, nadhani kwa sababu ilimpunguzia kazi.

Kisha Mhandisi akanigeukia mimi. "Bi Moza, yeye atakuuliza wewe. Nakuomba."

Nilikubali. Sitaki mtu aseme nililazimishwa. Kwetu pia ndivyo tulivyokuwa; mama yangu alikufa akidhani ana vidonda vya tumbo, nasi watoto tukizunguka kitanda kwa nyuso za furaha. Niliona ni rehema. Na nilikuwa na amri ya bosi, na niliyofundishwa siku ya kwanza.

Bi Sadae alikuja siku ya pili. Alikaa kwenye kiti changu cha chumba cha giza, mlango wazi.

"Nionyeshe picha yangu," akasema kwa Kiswahili.

Nikamwambia mimi sijui kusoma picha.

"Mimi nimeangalia picha za kifua hapa kwako, zikianikwa, mwaka na nusu. Najua kidogo kusoma. Nionyeshe, basi."

Nikasema anayo daktari, nitaitafuta. Akasema atangoja. Na hapo, wasomaji wangu, ndipo nilipofanya jambo ambalo Mhandisi hakuniomba na daktari hakuniamrisha. Niliingia stoo, nikatafuta katika bahasha picha ya mwanamke wa umbo lake. Niliipata, ya mke wa dereva mmoja, aliyepigwa kwa ajili ya karatasi za safari, mzima wa afya. Kila filamu ina namba yake pembeni, tulikuwa tukiipiga kwa herufi za risasi. Niliikata pembe yenye namba kwa mkasi, nikamletea.

Aliipeleka dirishani. Alitazama kwa muda mrefu, upande kwa upande, akifuata mbavu kwa kidole. Mimi nilikuwa nafuta meza ambayo ilikuwa safi.

"Nzuri," akasema. "Safi sana." Kisha akanigeukia, macho yana maji. "Bi Moza, mimi nilifikiri nakufa. Nilikuwa nakimbia na kitabu. Nilikimbia vibaya, kurasa za mwaka huu ni za mtu anayekimbia."

Nikamwambia sasa apumzike. Ndivyo nilivyosema.

Hakupumzika. Ijumaa iliyofuata nilipokwenda mtaa wa kale nilikuta madirisha matupu. Katika ua alikuwa ameweka beseni la shangazi, maji ya moto na dawa ya kupaushia nguo, na ndani yake filamu zake zimelala kama samaki. Weusi ulikuwa unatoka, unaelea juu kama masizi, na maandishi yalikuwa yametoka pamoja nao. Kwenye kamba zilianikwa filamu zilizokwisha osheka, nyeupe, unaona mbingu upande wa pili. Alikuwa anaimba kwa kikohozi.

Nilimuuliza anafanya nini, na sauti yangu ilimshtua. Alinieleza kwa furaha. Ameelewa kosa lake. Hataki tena herufi za mwanga katika giza. Anataka herufi nyeusi katika mwanga, za wino, kubwa, ukurasa mmoja kwa wiki, bila ya haraka. Ataanza kutoka mwanzo. Ana miaka kumi, alisema, labda kumi na tano, mama yake aliishi mpaka uzeeni. Zimebaki filamu kumi na moja tu anazozipenda, hizo hazigusi.

Nilisimama pale na kauli ikiwa mdomoni. Nilikuwa naweza kuisema. Beseni lilikuwa bado lina filamu, nadhani ishirini au thelathini, labda zingeokolewa nusu. Nilimtazama usoni, nikaona uso wa msichana wa miaka ishirini, nikaogopa kuuzima. Nikapandisha mikono ya baibui langu, nikamsaidia kuanika.

Aliandika kurasa tatu za wino. Kabla ya ukurasa wa nne kumalizika alishindwa kupanda ngazi. Mhandisi alimrejesha kwao akimwambia ni kwa ajili ya hewa ya baridi. Siku ya kuondoka alinishika mkono, akaniambia filamu nyengine nimwekee, atarudi baada ya joto kupungua.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa Sur, nikawa msaidizi wa Mkuu wa Eksirei wa huko, mtu wa Misri aliyependa utaratibu na kunipenda kwa kuwa sikosei. Nilikuwa huko Mhandisi aliponitafuta. Alikuwa amekuja Oman kufunga hesabu za mkataba wake na kuchukua vitu. Tulikaa katika kibaraza cha nyumba yangu, na mume wangu akamletea kahawa na halwa, hakuonja.

Alinieleza kwamba hospitali ya kwao walimpiga mkewe picha mpya, na picha ikawekwa kwenye kioo cha taa mbele yake kwa bahati mbaya. Hakuna aliyemwambia kitu. Aliisoma mwenyewe. Aliomba karatasi na kalamu, akataka kuandika upya zile kurasa zilizooshwa, kwa kukumbuka. Aliandika siku mbili, mkono ukakataa. Akataka kumtamkia mumewe aandike, lakini pumzi haikutosha sentensi nzima. Alikaa hivyo wiki tano, akafa.

"Aliniuliza juu yako," akasema. "Aliniuliza kama Bi Moza alijua."

Nikamuuliza alimjibu nini.

"Nilimwambia hukujua. Nilimwambia picha zilichanganyika. Alifurahi. Akasema, basi, kama Bi Moza hakujua, ni bahati mbaya tu."

Nilimuuliza kurasa kumi na moja ziko wapi. Akasema aliziweka kifuani mwa mkewe ndani ya jeneza, na kwao maiti huchomwa moto. Alidhani ndilo jambo zuri la kufanya. Na zile tatu za wino, vilevile. Aliinuka, akainama kwangu kwa heshima kama wafanyavyo wao, akashukuru kwa wema wangu kwa mkewe.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Sur, kisha Nizwa tena, sasa mimi mwenyewe nikiwa mkuu wa chumba, nikifundisha wasichana. Siku ya kustaafu nilipewa ngao, na Mudir, mkurugenzi wa hospitali, akasoma katika faili langu kwamba hapana kosa hata moja lililoandikwa. Watu wakapiga makofi. Sasa nakaa Fanja kwa mwanangu, kucha zangu zimerudi rangi yake.

Wasichana niliowafundisha wakija kunitazama, huniuliza niwape nasaha. Sina. Siku hizi mgonjwa anajisomea ripoti yake kwenye simu kabla ya daktari kuamka, na nimeona watu waliovunjwa na kweli kama nilivyoona waliovunjwa na uwongo. Labda ningemwambia angelala akafa wiki ile. Labda angemaliza kurasa ishirini. Nimeligeuza jambo hili kila upande, na kila upande ninakuta mkasi wangu. Kubwa linaloniuma ni kuwa aliniamini mpaka mwisho, na wa kumwomba radhi hayupo, na mumewe nilimwandikia barua mbili hazikujibiwa.

Kitabu kile hakipo duniani. Aliyekisikia ni mimi peke yangu, kwa lugha mbili mbovu, na nimezeeka. Kila mwaka napoteza kitu. Kurasa za vita zimekwenda. Za baba na mkono wa kushoto, nakumbuka khabari lakini si maneno. Umebaki ukurasa mmoja, nao nauandika hapa kama alivyonisomea, ili uwe nje ya kichwa changu:

Mama alikuwa akiosha mchele kwa maji ya theluji. Vidole vyake vilikuwa vyekundu. Nikamuuliza kama vinauma. Akasema haviumi, si vyake, ameviazima kwa mtu, jioni atavirejesha. Nikakaa mlangoni mpaka jioni nimwone mwenyewe akija.

Baada ya hapo palikuwa na mstari mmoja zaidi. Nakumbuka ulikuwa mfupi, na kwamba aliposoma alinyamaza. Siukumbuki unasemaje.